Makaburi Mawili ya Naelijwa

Naelijwa alikufa mchana, na katika mji ule kufa mchana halikuwa jambo la ajabu, kwa sababu hapakuwa na wakati mwingine wa kufia. Jua lilikuwa limesimama juu ya paa la nyumba yake tangu watu walipogombania siku. Halikupanda wala halikushuka, liliwaka tu kama taa ambayo mwenye nyumba amesahau kuizima. Mwanawe, Mbonea, alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa, kisha akakaa kitako sakafuni akijiuliza swali ambalo mtu wa mahali pengine popote angelijibu bila kufikiri: mama amekufa siku gani?

Maana mji ule ulikuwa na siku mbili tu. Juu ya barabara ilikuwa Jumamosi, daima Jumamosi. Chini ya barabara ilikuwa Jumapili, nayo haikuisha. Wote walimwamini Kristo mmoja, wote walisoma Kitabu kimoja, hata nyimbo zao zilikuwa zile zile, ila wa juu walikivuta kibwagizo na wa chini walikikatisha. Zamani, wanasema, siku zilikuwa saba kama kwingineko. Kisha ukazuka ugomvi kuhusu ipi ndiyo ya Bwana, na kila upande ukaishika yake kwa mikono miwili, ukakataa kuiachia ipite, kwa kuogopa kwamba ikipita wenzao watasema yao ndiyo iliyobaki. Siku isiyoachiwa haipiti. Jumatatu ilikuwa ya kwanza kuhama, ilipoona haina pa kuingilia. Nyingine zikaifuata, na kazi zikaondoka nazo. Watu wa juu wakawa wanakula chakula cha baridi kilichopikwa Ijumaa, Ijumaa ambayo hakuna aliyeikumbuka. Watu wa chini wakawa ibadani, wamevaa suti zinazowabana kwapani, wakisubiri baraka ya mwisho ambayo mchungaji wao hakuthubutu kuitoa. Usicheke, msomaji. Hata wewe ipo siku uliyoing'ang'ania hivyo, na walio karibu nawe wanaijua.

Nyumba ya Naelijwa ilisimama ukingoni mwa siku zote mbili, barabara ikiishia kwenye kibaraza chake na kuanza tena nyuma ya jiko. Ilikuwa na mlango wa juu na mlango wa chini. Naelijwa alizaliwa Jumamosi, akaolewa Jumapili, na katika mji mzima yeye peke yake ndiye aliyevuka bila kubadilisha uso. Alipika makande kwenye chungu kikubwa, akajitwisha, akatoka kwa mlango wowote uliokuwa karibu. Waliolinda njia, huko na huko, walimuuliza kama walivyomuuliza kila mtu: "Leo ni siku gani?" Naye alijibu, "Siku ya kula. Haya, leteni bakuli." Walicheka, wakampisha, wakala. Hakuna aliyemwelewa, lakini hakuna aliyelala na njaa alipopita.

Mbonea hakurithi ulimi huo. Alizaliwa kizingitini, miguu ya mama yake ikiwa upande mmoja na kichwa upande wa pili, na tangu hapo hakuwahi kuijua siku yake. Juu waliko wajomba aliitwa Mbonea. Chini waliko baba zake aliitwa Yoeli. Alipoulizwa siku, alitazama kwanza yuko upande gani, ndipo akajibu. Juu, Jumamosi. Chini, Jumapili. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni na bado alijibu hivyo, na kila alipojibu alihisi kitu kikimtoka, kama mtu anayetoa ushahidi dhidi ya nduguye asiyekuwapo. Hata sauti yake ilibadilika alipokuwa akivuka. Kuna nyakati alisimama barabarani katikati, kwenye vumbi lisilo la mtu, akaita jina lake polepole ili asikie ni lipi litakaloitika. Yalinyamaza yote mawili.

Usiku haukuwapo, lakini kabla ya kukata roho mama yake alimwita karibu kana kwamba ni usiku. "Mwanangu, usikubali nizikwe na nusu ya watu."

"Mama, utapona."

"Nimekwambia la kuzikwa, wewe unaniambia la kupona. Nusu ya watu, sitaki. Nitajua."

Sasa alikuwa amekwenda, na jua lilikuwa lile lile, na maiti haingojei. Jua lisiloshuka lina haraka yake. Mbonea alilijua hilo.

Wa kwanza kufika alikuwa Nanzia, mdogo wa marehemu, mwanamke mfupi mwenye kilio cha kusikika mbali. Alikuja kwenye mlango wa juu akiwa amejifunga kitenge kiunoni, akalia pale pale nje, mikono kichwani, bila kuvuka kizingiti. Kabla hajanyamaza, mlango wa chini ukabishwa. Alikuwa Eliamani, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Mbonea, mzee wa kanisa la Jumapili, amevaa suti ya kijivu na tai aliyofungiwa na mkewe na asiyoifungua tangu hapo. Yeye pia akasimama nje. Kati yao ilikuwepo sebule, na sebuleni Naelijwa, amelala.

"Pole, mwanangu," alisema Nanzia kwa mlango wake. "Dada yangu tutamzika sisi. Alitoka kwetu, atarudi kwetu."

"Pole, Yoeli," alisema Eliamani kwa mlango wake. "Mke wa ndugu yangu atazikwa alikoolewa. Hilo halina mjadala."

"Mama mdogo, baba mkubwa," Mbonea alisema, akigeuza shingo huku na huku mpaka ikamuuma, "ingieni basi. Tukae, tuzungumze."

"Tuingie tukae siku ipi?" Nanzia aliuliza.

Eliamani alitikisa kichwa. Lilikuwa swali ambalo hata yeye aliliona ni la haki.

Wakaenda kuchimba. Hapa ndipo ningependa uwaangalie vizuri, maana watu hawa walikuwa waumini wa kweli, si wanafiki wa kuchora, na ndiyo sababu kosa lao linauma. Kwa watu wa Jumamosi kuchimba ni kazi, na kazi siku ile ni mwiko. Walifanyaje? Wazee wao waliagiza mablanketi yatundikwe kwenye miti, wakapata kivuli kama cha magharibi, wakatangaza kwamba chini ya mablanketi hayo ilikuwa bado Ijumaa. Vijana wakaingia Ijumaa na majembe yao, wakachimba, wakatoka Jumamosi wakiwa na jasho. Watu wa Jumapili nao walikuwa ibadani, na ibada haikatizwi kwa koleo. Mchungaji wao akasimama akasema kwamba, tukitazama vizuri, ibada ilikuwa haijaanza, ingawa nusu ya waumini walikuwa wameshasinzia katikati ya mahubiri. Wakatoka, wakachimba. Hivyo siku ilipinda kwa ajili ya huyu, ikapinda kwa ajili ya yule, na haikuvunjika mahali. Ila ukiwaomba waipinde kwa ajili ya jirani, wangekuapia kwamba siku ni chuma.

Na kwa kuwa kila upande ulitaka jeneza lifike kwake upesi, kila upande ulichimba karibu kabisa na barabara, karibu kadiri jembe lilivyoruhusu. Makaburi mawili yakatazamana, barabara ikabaki katikati, nyembamba kuliko jeneza lilivyo refu. Fundi alikwishalileta, mbao mbichi zinanukia, likatiwa maiti, likawekwa juu ya viti viwili barabarani. Nzi wakafika. Nzi hawakuuliza ni siku gani.

Kisha ikaja habari ya mgomba.

Tangu enzi za mababu, watu wa mji ule walijua kwamba kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Kaburi tupu lina njaa, huita mwingine. Ikitokea limechimbwa na maiti haipo, basi hukatwa mgomba, huvikwa sanda, hulazwa humo, na watu huulilia kidogo ili kaburi liridhike. Pande zote mbili zingekuambia kwamba mambo hayo waliyaacha majini walipobatizwa. Hata hivyo watu wa juu walikuja barabarani wamebeba mgomba uliovikwa sanda, na watu wa chini wakaja wamebeba wao, tena umefungwa vizuri zaidi. Kila upande uliuleta kwa ajili ya wenzao.

"Shemeji," alisema Nanzia, "kaburi lenu hilo msilihangaikie. Tumewaletea."

"Umelitoa ulimini mwangu, shemeji," alijibu Eliamani. "Na sisi tumewaletea ninyi."

"Sisi tuzike mgomba?"

"Kwani sisi tuulilie?"

"Mimi nililala tumbo moja na huyu!"

"Na mimi nimekula makande yake miaka yote! Unafikiri yalishuka wapi, kwenye kiatu?"

"Alikuwa wetu."

"Alikuwa wetu."

Waliyasema kwa sauti moja, wakayasema tena, na mtu aliyekuwa mbali angedhani wanaimba. Machozi yalikuwa ya kweli. Eliamani alitoa leso akafuta shingo, akafuta macho, akaikunja. Nanzia alitaka kulishika jeneza, lakini jeneza lilikuwa barabarani, na barabarani hakukuwa na siku yoyote, akarudisha mkono. Uchungu wa wale wawili ulikuwa mmoja, nao walisimama wakiutazama kila mtu kutoka ng'ambo yake kama watu wawili waliokuta mbuzi mmoja.

Hatimaye macho yote yakamgeukia Mbonea. Mwana ndiye mwenye neno. Kutoka pande zote mbili kwa mara moja likatoka swali alilolijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

"Leo ni siku gani?"

Hapakuwa na upande wa kutazama kwanza. Alikuwa amesimama barabarani.

Nikisema Jumamosi, aliwaza, Yoeli atakufa hapa hapa, na baba mkubwa hatanipa tena mkono. Nikisema Jumapili, Mbonea ataingia kaburini na mgomba. Siku ni ya nani? Nani aliwahi kuishona? Mungu alipotenga nuru na giza, alikuwapo nani wa kumwambia, Bwana, hii tuachie sisi? Labda siku ni kama kiti cha wageni, haina mwenyewe, ni ya anayekaa. Labda. Mama angejibu nini? Mama angeuliza bakuli ziko wapi. Mimi sina chungu. Sina hata njaa. Nina mama juu ya viti viwili, na nzi. Nusu ya watu, sitaki. Nitajua. Anajua. Anasikia. Niseme nini? Nimesema kila nilichotakiwa kusema maisha yangu yote, na leo tu ndiyo sijui kusema.

Basi hakusema. Aligeuka, akashuka kwenye kaburi la Jumapili.

"Amechagua!" walipiga kelele watu wa chini, na baadhi wakaanza wimbo. Huko juu, Nanzia aliketi chini vumbini, akajifunika uso kwa kitenge. Kilio alichokitoa hakikuwa cha dada yake tena. Alikuwa anamlilia mtoto.

Lakini mle ndani Mbonea alikuwa ameona jembe. Wachimbaji walilisahau, limeegemea ukuta wa udongo. Ukuta ule ulikuwa upande wa barabara, na nyuma ya barabara kulikuwa na kaburi la Jumamosi, na alijua, kwa kuwa aliyaona yote mawili yakichimbwa kwa ulafi ule, kwamba kati yao hapakuwa na udongo mwingi. Akavua shati. Akainua jembe. Hakuchimba kwenda chini, alichimba kwenda pembeni.

Wimbo ukakatika. Watu walisikia jembe likigonga chini ya nyayo zao.

"Anafanya nini huyo?" aliuliza Eliamani, akichungulia. Kisha akaelewa. "Yoeli! Toka humo! Barabara itakuangukia!"

Hakutoka. Alikuwa na hasira ambayo hakujua kama anayo, hasira ya mtu mpole, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Kila pigo lilikuwa jibu lile alilolitoa tangu utoto. Jumamosi, pigo. Jumapili, pigo. Mbonea, pigo. Yoeli. Udongo ulikuwa baridi, wenye giza, na yeye hakuwahi kuona giza. Alilishangaa, akaingia ndani yake hadi mabega, akalipenda. Ndivyo lilivyo? Ndivyo tulivyonyimwa? Humu hakuna aliye juu wala chini. Kidogo tu. Bado kidogo, mama.

Jembe likatoboa. Mwanga wa Jumamosi ukamwangukia usoni, mwembamba, na ulikuwa mwanga ule ule. Alicheka. Ndipo barabara ikakatika.

Ilishuka yote kwa mkupuo, vumbi likapanda, viti viwili vikayumba, na watu wa pande zote wakalikimbilia jeneza, wakalidaka kabla halijaanguka. Walilishika huku na huku, wakabaki wamelishika, wakitazamana juu ya kifuniko. Chini, mahali Mbonea alipokuwa, palikuwa na udongo tu.

"Jembe!" alipiga kelele Nanzia. Alikuwa wa kwanza kusema. "Shemeji, majembe! Mtoto yumo humo!"

"Mama Nanzia," alisema mmoja wa wazee wake, mpole, karibu anong'one, "ni Sabato. Ngoja tutundike mablanketi."

Nanzia alimtazama. "Punda wako akitumbukia shimoni siku hii unamtoa, na unasema Kitabu kimekuruhusu. Huyu ni mtoto wa dada yangu. Tundika mablanketi yako ujifunike."

Akaruka ndani. Alipofika chini alimkuta Eliamani amekwisha kuruka kutoka upande wake, na suti yake, na tai yake, anafukua kwa mikono. Hawakusalimiana. Walifukua. Wengine wakashuka, wanawake kwa wanaume, Jumamosi kwa Jumapili, na kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo walilazimika kupokezana udongo: huyu anamjazia yule karai, yule anampa aliye ukingoni, aliye ukingoni anaumwaga nje. Hakuna aliyeuliza anampokea nani. Wangeulizia wapi, na mchanga mdomoni?

Mbonea hakuwa mbali. Udongo ulikuwa umemfunika hadi kichwani, lakini jembe lilikuwa limekwama juu yake likamwachia upenyo wa pumzi. Mle gizani alisikia vishindo vikikaribia kutoka pande mbili, akaogopa, si kufa, aliogopa kwamba watakapomfikia watamgawana. Kisha kitu kikamshika kifundo cha mkono. Kikamshika na kingine. Alijaribu kujua: huu ni mkono wa nani, wa juu au wa chini? Maisha yake yote alijua kabla hata mtu hajafungua mdomo. Sasa ilikuwa mikono yenye udongo tu, mizito, na inavuta. Akavutwa pamoja nayo.

Walimtoa, wakamlaza ukingoni. Alikohoa udongo. Alifungua macho akaona nyuso mbili zimeinama juu yake, mashavu yamechafuka kwa machozi na matope, na kwa dakika nzima hakujua ipi ni ya mama mdogo na ipi ya baba mkubwa.

"Mbonea," alisema mmoja.

"Yoeli," alisema mwingine.

"Naam," aliitika. Aliitika mara moja tu, kwa yote mawili. Kisha, kwa sauti iliyokwaruza, akawauliza yeye, ambaye hakuwahi kuuliza. "Leo ni siku gani?"

Eliamani alifungua mdomo, akatazama mikono yake iliyokuwa na udongo hadi kwenye viwiko, akaufunga. Wazee wa Jumamosi walitazama majembe yao wenyewe, yaliyolowa jasho lao bila blanketi hata moja. Chini yao hapakuwa na makaburi mawili tena. Lilikuwepo moja, pana, lisilo na umbo zuri, limekaa mahali ilipokuwa barabara.

Nanzia akajifunga kitenge upya.

"Siku ya kumzika dada yangu," alisema. "Shemeji, shika huko. Shusheni jeneza."

Wakalishusha. Wimbo ulipofika kwenye kibwagizo wa chini walikikatisha na wa juu wakakivuta, wakaachana, wakangojana, wakaendelea vibaya mpaka mwisho. Kila mtu alitupa konzi yake ya udongo. Migomba miwili ilibaki kando katika sanda zake, na hakuna aliyejua la kuifanyia, hadi mke wa Eliamani alipoivua vitambaa akavikunja, akisema vitafaa kufutia vyombo.

Ndipo kivuli cha nyumba ya Naelijwa kikaanza kurefuka. Watoto walikuwa wa kwanza kukiona, wakalia, kwa sababu hawakujua hicho ni kitu gani. Watu wazima nao walisogeleana. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya paa, polepole, kama mtu aliyekaa sana na magoti yamekufa ganzi. Wengine walisema ni adhabu. Mmoja aliuliza kama wakimbie, mwingine akamuuliza wakimbilie siku ipi. Lilizama kabisa, na katika giza lile la kwanza waliingia wote katika nyumba ya msiba kwa milango yote miwili, wakitafutana kwa kupapasa, wakatandika mikeka sebuleni pale mama alipokuwa amelala.

Nanzia alijinyoosha karibu na mlango wa chini, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Hakupata usingizi. Mbonea, aliyekuwa ameegemea ukuta, alimsikia akigeuka na kugeuka.

"Mwanangu."

"Naam, mama mdogo."

"Kesho," alisema, na neno lenyewe lilimgomea kidogo mdomoni, maana halikuwa limetumika mjini muda mrefu. "Kesho itakuwa siku gani?"

Alifikiri. Mle chumbani watu walikuwa wanapumua, wengi, na hakuweza kuwatenganisha.

"Sijui," alisema.

"Mm." Alivuta kitenge hadi kidevuni. "Basi mtu wa kwanza kuamka abandike makande."